Je, wajua kwa nini kuharisha siku mbili kunaweza kuiyumbisha figo iliyopandikizwa?

Kwa mwenye figo zake mbili alizozaliwa nazo, tumbo la kuendesha ni adha ya siku mbili tatu. Kwa aliyepandikizwa, tumbo hilohilo linaweza kupandisha kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua figo inavyofanya kazi, mpaka familia nzima ianze kusema figo imekataliwa. Mara nyingi haijakataliwa. Tatizo ni kwamba dalili na kipimo vinafanana, huku tiba ya hali moja ikiwa kinyume cha tiba ya nyingine.

Takrolimasi ndiyo dawa kuu inayozuia kinga ya mwili kuishambulia figo ngeni. Ukimeza kapsuli, sehemu kubwa ya dawa haifiki kwenye damu: ukuta wa utumbo una vimeng'enya vinavyoivunja na pampu ndogo zinazoirudisha utumboni. Dozi uliyopangiwa imekwishahesabu upotevu huo. Utumbo ukiwaka kwa kuhara, utando wake huchubuka, ulinzi huo hulegea, na dawa nyingi kuliko kawaida hupenya. Umemeza kiasi kilekile, lakini kiwango katika damu kimepanda. Takrolimasi ikizidi hubana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo, na hapohapo maji yamepungua mwilini na presha imeshuka. Figo inabanwa mara mbili kwa siku moja.

Kutapika ni kisa kingine kabisa. Hapo dawa inatoka kabla haijafyonzwa, kiwango kinashuka, na kinga inapata mwanya wa kuishambulia figo. Kreatinini itapanda vilevile, labda siku kadhaa baadaye. Ndiyo maana anayejipunguzia dozi kwa kubahatisha, au anayeiongeza, anacheza kamari.

Kliniki nyingi hufuata kanuni hii: ukitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, rudia dozi, ikishapita saa moja, usirudie, subiri dozi inayofuata. Thibitisha na kliniki yako kabla hujaumwa, uandike jibu kwenye kadi. Ukishindwa kushikilia dozi mbili mfululizo, nenda hospitali, kwa sababu zipo dawa za kuchoma mshipani zinazoweza kushika nafasi kwa muda.

Kuhusu maji: paketi moja ya ORS huchanganywa na lita 1 kamili ya maji safi, si glasi, na hunywewa kidogo kidogo kutwa. Huku pwani ya Kusini mwa Tanzania mtu akiharisha huletewa madafu, na kwa wengine ni jambo jema. Kwako lina tahadhari. Dafu lina potasiamu nyingi, takrolimasi nayo huizuia figo kuitoa potasiamu, na septrini, antibiotiki ambayo wengi hupewa miezi ya mwanzo baada ya kupandikizwa, hufanya hivyohivyo. Madafu matatu kwa siku juu ya figo iliyobanwa yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Juisi ya mabirimbi iache kabisa: ina okzaleti nyingi, chumvi inayoganda ndani ya figo, na imewahi kuharibu hata figo nzima za watu wasio wagonjwa. Balungi nalo hupandisha takrolimasi, kuhara au kutohara.

Duka la dawa ndipo makosa mengi hufanyika. Eritromaisini, antibiotiki, hupandisha takrolimasi. Diklofenaki na ibuprofeni za kutuliza maumivu ya tumbo au mwili hubana mishipa ileile ya figo, tumia panado. Kama unameza dawa za presha kama losatani na enalapili, au dawa ya kukojosha, piga simu kliniki uulize kama zisimamishwe kwa siku hizo, maana mwili ulioishiwa maji haustahimili kushushwa presha zaidi. Usiache takrolimasi, wala dawa zenzake za kuzuia kinga, maikofenoleti na prednisoloni, bila kuambiwa, hata kama maikofenoleti ndiyo inayoshukiwa, na kwa kweli ni kisababishi kikubwa cha kuhara. Daktari anaweza kuigawa dozi au kuipunguza. Hiyo ni kazi yake.

Kuhara au kutapika kukiendelea, usisubiri zaidi ya saa 24 kwenda hospitali. Homa ya 38 na kuendelea, damu kwenye choo, mkojo chini ya nusu lita kwa siku nzima, au maumivu pale figo ilipowekwa chini ya tumbo, hayo hayangoji hata hizo saa 24. Kipimo cha malaria kikitoka chanya, bado sema umepandikizwa: mwenye kinga iliyopunguzwa anaweza kuwa na maambukizi mawili kwa pamoja.

Upandikizaji nchini ulianza Muhimbili Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Zote ziko mbali na anayeishi Newala au Kilwa. Kreatinini ipimwe hapa hapa, hospitali ya Ligula (Mtwara), Sokoine (Lindi) au Hospitali ya Kanda ya Kusini (Mtwara), na majibu yatumwe kwa simu. Angalia kizio: maabara moja huandika 1.4 (mg/dL), nyingine 124 (µmol/L), na ni kitu kilekile. Zidisha ya kwanza kwa 88.4. Damu ya kupima takrolimasi hutolewa asubuhi kabla ya kumeza dozi, saa 12 baada ya ile ya usiku. Ukimeza kwanza, namba itakayotoka ni ya uongo. Weka pia akiba ya dawa ya wiki mbili nyumbani, mahali pasipo joto. Mei 2024 mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, na kinga ya mwili haisubiri daraja lijengwe.

Jambo moja ambalo vitabu hulipita haraka: figo hapa kwetu hutoka kwa ndugu wa damu, na mgonjwa hunyamaza ili kaka au dada aliyetoa asihuzunike. Kimya hicho hula siku zile ambazo shambulio la kinga lingeweza kuzimwa kwa dozi kubwa za steroidi kwa siku 3.

Tumbo likishatulia, kazi haijaisha. Ukuta wa utumbo ukipona huanza tena kuivunja dawa kama zamani. Kama dozi ilipunguzwa wakati wa kuhara na hakuna aliyekumbuka kuirudisha, kiwango kitaporomoka wakati mgonjwa anajiona mzima. Omba kipimo cha pili cha takrolimasi na kreatinini ndani ya wiki moja baada ya kupona, na uulize waziwazi: narudi dozi ya zamani lini?