Ukuta wa parseli si uzio wa pisini

Ukigusia uzio wa pisini, yaani bwawa la kuogelea la nyumbani, hapa Lubumbashi, jibu ni lile lile: "Fundi, si unaona ukuta wa parseli, wa kiwanja kizima? Mita tatu, na vigae vya chupa juu."

Ukuta nauona. Ule ni wa mwizi aliye nje. Mtoto wa miaka miwili yuko ndani tayari: anaamka usingizini, anatokea mlango wa jikoni, na maji hayo hapo. Uzio ninaousema unasimama kati ya mlango wa nyumba na pisini, pande zote nne. Ukuta wa nyumba wenye mlango hauhesabiwi kuwa upande.

Vipimo ni rahisi. Kimo kisipungue mita 1.2; nafasi kati ya vyuma, na ile ya chini, isizidi sentimita 10. Vyuma vya kulala viwe upande wa maji, la sivyo umemjengea mtoto ngazi. Makasha ya bia na viti vya plastiki vikae angalau sentimita 90 kutoka kwenye uzio.

Kinachoniudhi ni mlango wa uzio. Ufungukie nje, ili mtoto akiusukuma azidi kuubana. Ujifunge wenyewe kwa springi, na komeo likae mita 1.5 kutoka chini. Kuupima, uachie ukiwa wazi kabisa, kisha uachie tena ukiwa umebakiza sentimita tano. Watu hupima mara ya kwanza tu wakapiga makofi. Ile ya pili ndiyo inayoshindwa, maana springi iliyochoka haina nguvu ya kuingiza ulimi wa komeo. Halafu mvua za Novemba zinalainisha udongo, nguzo yenye zege kidogo inainama, ulimi na tundu vinapishana milimita chache, na mlango unaonekana umefungwa kumbe haujashika. Hapo sijataja tofali. Siku ya nyama choma lazima mtu aweke tofali mlango usijifunge, eti anapitisha sahani!

"Kuna sentineli." Sentineli, mlinzi wa geti, anaangalia barabara. "Akianguka tutasikia." Hamtasikia. Anayezama mdomo uko majini, hana pumzi ya kuita, na mtoto mdogo huenda chini ndani ya dakika moja. Maboya ya mikononi ni ya kuchezea.

Umeme ukikatika siku kadhaa, pampu ikalala na joto la Oktoba, maji yanakuwa kijani. Kama huoni grili ya chini, ile ya tundu la kutolea maji, ukiwa umesimama ukingoni, mtu asiingie, na uzio ubaki umefungwa: aliye chini humo hutamwona. Juni na Julai ni hivyo hivyo, baridi imefukuza waogeleaji na pisini imesahaulika, ila mtoto hajaisahau.

Kengele za majini, zile za kulia mtu akianguka, naona mashaka. Upepo unaziliza, wenyewe wanazizima. Na komeo la mita 1.5 halimzuii binamu wa miaka tisa aliyekuja likizo. Yeye humfungulia mdogo kwa upendo kabisa. Kwa huyo sijui kifaa. Ni mtu mzima mmoja, anayetajwa kwa jina, bila simu mkononi.

Mtoto akitolewa majini hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mpeni pumzi tano kwanza, kisha mkandamize kifua mara 30 kwa pumzi mbili, mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari. Hata akizinduka na kuomba fanta, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.