Lelemama ni nini?

Mtangazaji wa mpira akisema mechi ya leo si lelemama, kila mtu anamwelewa: jasho litatoka. Mzazi naye huambiwa asimlee mtoto kwa lelemama. Katika matumizi hayo neno limekuwa jina la ulegevu, la jambo linalokwenda polepole bila kukazwa. Wengi wanaolisema hivyo hawajaiona ngoma yenyewe, na mimi naumia kidogo kila nikilisikia, kwa sababu kilichokuwa nyuma ya neno hili hakikuwa na ulegevu hata chembe.

Lelemama ni ngoma ya wanawake wa pwani ya Waswahili. Ilichezwa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na miji mingine ya mwambao, harusini na katika sherehe nyingine. Lakini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 neno hilo lilibeba pia maana ya pili: kundi lenyewe, yaani chama cha wanawake chenye jina lake, viongozi wake, fedha zake na mahasimu wake. Maana hii ya pili ndiyo imesahaulika, na bila hiyo huwezi kueleza vizuri jinsi nafasi ya mwanamke wa mjini ilivyobadilika katika karne hiyo.

Sifa ya upole inatokana na umbo la mchezo. Wanawake hujipanga mstari. Miguu haitimui vumbi, mabega hayarushwi. Mikono ndiyo inayosema: viganja vinageuzwa taratibu, wote kwa pamoja, macho yametulia, huku mmoja akianzisha wimbo na wenzake wakiitikia. Na wote wamevaa doti za namna moja, sare.

Hebu itazame hiyo sare kwa makini. Ili wanawake arobaini wasimame siku moja ndani ya kanga moja, lazima kwanza mtu aitishe kikao. Kanga ichaguliwe, na hapo kuna ubishi wa rangi, wa jina la kanga, wa bei. Fedha zikusanywe. Mtu mmoja anayeaminika azitunze, ajue nani ametoa, nani ametoa nusu, na nani wa kubishiwa hodi Ijumaa asubuhi kabla hajatoka. Kisha kuna wapigaji ngoma wa kulipwa, wageni wa kulishwa, nyimbo mpya za kutungwa na kufundishwa kwa siri ili kundi la upande wa pili lisizipate mapema. Wengi wa wanawake hawa hawakuwahi kukaa katika darasa la shule ya serikali. Hata hivyo waliendesha vikao, hazina, nidhamu na uhamasishaji, mwaka baada ya mwaka.

Mombasa ndiko mambo haya yalikopamba moto. Makundi yalishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Nyimbo zilikuwa za mafumbo. Aliyefanya la aibu hakutajwa jina, lakini mtaa mzima ulijua ni nani anayeimbwa, na kuimbwa kulitisha kuliko kusemwa. Kundi lilikuwa na vyeo, na mwanachama alipanda cheo kwa kugharamia karamu ya wenzake. Jambo hili lina uzito wake ukikumbuka kwamba utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Katika mji ambao watu walikuwa bado wanaulizana babu yako ni nani, palikuwa na mahali ambapo mwanamke wa asili ya kitumwa aliweza kupata heshima kwa mchango wake, sauti yake na uwezo wake wa kuongoza. Sisemi tofauti za ukoo zilifutika. Zilipata mpinzani.

Lawama hazikukosekana. Wanazuoni wa dini waliipinga, hasa makundi yalipoiga gwaride za beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, na kuandamana barabarani. Waume nao walilalamikia gharama. Kufikia miaka ya 1950 ngoma ilikuwa imeanza kufifia Mombasa, wasichana waliosoma wakiangalia kwingine. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka hiyo vilipoanzishwa vyama viwili vya wanawake wa Kiislamu vilivyoshughulikia elimu ya wasichana na ustawi wa jamii, ndani yake uliwakuta wale wale waliozoeana, au kuhasimiana, katika lelemama. Hata ushindani wenyewe ulihamia huko.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Dar es Salaam, mwaka 1955. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilikuwa na mwaka mmoja tangu kuundwa. John Hatch, afisa wa chama cha Labour cha Uingereza, alipokuja mjini aliwauliza viongozi kuhusu wanawake wa chama chao: wako wapi? Swali lilikuwa gumu. Wanachama wanawake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Viongozi hawangeweza kuwatoa wake zao tu nyumbani na kuwaweka jukwaani. Akatafutwa Titi binti Mohamed, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1926, mwenye kadi ya TANU namba 16, nyuma kidogo tu ya mumewe Boi Selemani mwenye namba 15.

Titi alikuwa nani wakati huo? Hakuwa mwalimu wala muuguzi. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma lililoitwa Bomba. Watu walimjua kwa sauti. Na alijua jambo ambalo wanasiasa wenye elimu ya Makerere hawakulijua vizuri: kwamba kuwafikia wanawake wa Kariakoo na Ilala hakukuhitaji kupita nyumba kwa nyumba. Kulihitaji kuzungumza na viongozi wa makundi ya ngoma. Kiongozi akikubali, wanachama wake wanakuja naye, kama walivyozoea kuja kwenye mazoezi. Kwa njia hiyo, kati ya Julai na Oktoba mwaka ule wanawake wapatao 5,000 waliandikishwa.

Ukisoma historia zilizoandikwa kwa haraka utakuta maneno kama "TANU iliwaamsha wanawake". Mimi nadhani ni kinyume chake. TANU iliwakuta wako macho, wana mitandao inayovuka makabila kwa sababu kundi la ngoma la mjini lilichanganya Mzaramo, Mmanyema, Myao na Mnyamwezi, na Kiswahili ndicho walichoimbia. Umoja wa kitaifa uliohubiriwa jukwaani, wao walikuwa wameshauishi uani.

Kuna sababu nyingine iliyowafanya wawe nguvu ya chama. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na siasa, na wanaume wengi wenye elimu walikuwa watumishi. Mwanamke anayeuza vitumbua na samaki wa kukaanga hakuwa na bwana mkubwa wa kumfukuza kazi. Wengi wao walikuwa watu wazima, baadhi wajane au walioachika, wenye kipato chao kidogo cha mkononi. Wakauza kadi, wakachangisha, wengine wakatoa hata vito vyao. Kwenye mikutano waliimba, na wimbo ulisafiri kuliko hotuba, maana hotuba huwezi kwenda nayo kisimani ukaiimba.

Wakati huo huo kulikuwa na njia nyingine ya mwanamke kuingia katika maisha ya umma, ile ya shule. Lucy Lameck, aliyezaliwa Moshi mwaka 1934, alisomea uuguzi, akaenda Chuo cha Ruskin kule Oxford, akawa mbunge mwaka 1960. Njia hii ndiyo iliyoshinda baadaye, na haishangazi. Nchi huru ilihitaji watu wa kusoma faili. Lakini iliposhinda, elimu ya ngomani ilishuka thamani ghafla. Hata uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa umewataka wapiga kura wawe na elimu, kipato au cheo fulani, masharti yaliyowaacha nje wengi wa wale waliouza kadi.

Mwaka 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, Bibi Titi akiwa mwenyekiti. Ulikuwa ushindi, na pia ulikuwa mwisho wa kitu. Makundi yaliyokuwa yakijiendesha yenyewe sasa yalikuwa na chombo kimoja juu yao, chini ya chama tawala. Bibi Titi mwenyewe alipoteza ubunge mwaka 1965, akajiuzulu Kamati Kuu mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, akakamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, na kuachiwa kwa msamaha wa rais mwaka 1972. Jina lake lilirudi kutajwa kwa heshima miaka mingi baadaye. Alifariki Novemba 2000, na leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake.

Ngoma yenyewe sasa huonekana kwa nadra. Ile maana ya pili, ya chama, haikuondoka. Nenda kwenye duka la kanga wiki moja kabla ya harusi yoyote mjini, utamkuta mama mmoja ana daftari lililokunjwa kwapani, anahesabu doti mara ya pili mbele ya mwenye duka, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Kila jina limewekewa alama. Mawili hayana, na simu ameshaitoa anawapigia.