Saruji, boriti na zidaka: dhana potofu kuhusu kubadilisha nyumba za mawe za pwani

Mtu akirithi au akinunua nyumba ya mawe Shangani au Malindi kule Unguja, au mtaa wa Mkomani pale Lamu, ushauri humfikia kabla hajamwona msanifu majengo. Jirani ana lake, fundi ana lake, shemeji aliyejenga Dar es Salaam ana lake pia. Karibu wote huichukulia nyumba ile kuwa ni ya zege, ila imechakaa. Makosa mengi ya ukarabati huanzia hapo.

“Nyumba ikishahifadhiwa, hata msumari hupigi.”

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu ikafuata 2001. Wapo walioona mlango umefungwa. Lakini usimamizi ulikuwapo kabla: Zanzibar ilianzisha mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe mwaka 1985, na angalieni jina lenyewe, lina “kuendeleza” ndani yake. Majengo yenye thamani ya pekee hupangwa kwa madaraja, na daraja ndilo linaloamua ukali wa masharti. Mwenye nyumba anatakiwa kuomba kibali kabla ya kazi, akiwa na michoro inayoonyesha nyumba ilivyo na vile anavyotaka iwe. Choo kipya, jiko, nyaya za umeme, hata kuigeuza nyumba kuwa ya wageni, yote hayo huombewa.

Na mifano ya mabadiliko tunayo mbele ya macho. Ile zahanati ya kale karibu na bandari, yenye varanda za mbao zilizonakshiwa, ilikarabatiwa miaka ya 1990 ikawa kituo cha utamaduni. Forodha Mkongwe, jengo la zamani la ushuru, ikawa na chuo cha muziki. Hakuna lililobaki na kazi yake ya mwanzo, na hakuna lililobomolewa.

“Saruji ni imara kuliko chokaa.”

Hii ndiyo dhana iliyoharibu nyumba nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukuta wa nyumba ya kale ni mawe ya matumbawe, makubwa kwa madogo, yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Unene wake ni kama nusu mita, mara nyingi zaidi. Msingini hakuna nailoni wala lami ya kuzuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda, yakibeba chumvi, kisha hutokea usoni mwa ukuta kupitia lipu ya chokaa na kukauka. Lipu ikichoka hubanduka, hupigwa nyingine. Waliojenga walijua kwamba lipu ndiyo ya kuliwa, jiwe libaki.

Sasa mpe fundi mifuko ya saruji. Lipu yake ni ngumu na imebana, unyevu haupati pa kutokea. Hupanda juu zaidi kutafuta njia, hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Boriti huoza palepale pasipoonekana. Chumvi nayo hujikusanya nyuma ya lipu na kulila jiwe. Mwaka wa kwanza ukuta hupendeza sana, na ndio mwaka fundi anaosifiwa. Baadaye lipu huachana na ukuta kwa mapande, ikiondoka na uso wa mawe. Rangi za plastiki hufanya uharibifu uleule, polepole tu.

Kwa nini basi saruji inapendwa? Kwa sababu chokaa haina haraka. Hulazwa shimoni na maji kwa wiki kadhaa, na wanaoweza huiacha miezi. Hupigwa tabaka jembamba juu ya jembamba, ikakingwa jua na kulowanishwa, maana hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa taratibu. Mkandarasi anayelipwa kwa kumaliza mapema ataikwepa. Msanifu makini huiandika chokaa kwenye mkataba, na anaweka muda wake kwenye ratiba. Asipofanya hivyo, michoro yake mizuri haitamsaidia kitu.

“Kuta zile nene, ongeza ghorofa tu.”

Unene haumaanishi ukuta unaweza kubeba kila kitu. Ukuta ule hubeba vizuri mzigo uliotandazwa sawasawa, lakini hauvumilii mzigo mzito uliowekwa mahali pamoja, wala kutikiswa. Slabu ya zege ikichomekwa kwenye ukuta wa matumbawe, kimoja ni kigumu na kingine ni laini; nyufa hufuata. Kuna na tangi la maji juu ya paa, ambalo kila mtu hulisahau: lita 2,000 ni tani 2, juu ya boriti zilizokatwa enzi ambazo hakuna aliyewazia tangi.

Beit el Ajaib, jumba la Mji Mkongwe alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ilikuwa na kuta nene na nguzo za chuma. Sehemu yake ilianguka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wa mbele ukaporomoka wakati ukarabati ukiendelea, watu wawili wakafariki. Ukubwa wa jengo haukulikinga.

“Mradi sura ya nje ibaki, ndani nifanye nitakavyo.”

Fikra hii huenda ikafaa kidogo kwenye miji ambayo nyumba hujitangaza barabarani. Lamu ni kinyume. Nje utakuta ukuta mtupu, mlango, na daka, yaani kibaraza cha mlangoni, lenye viti vya mawe. Nyumba yenyewe iko ndani: kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha msana, ukumbi mrefu unaotazama ua huo, kisha chumba kiitwacho ndani, kila hatua ikizidi kuwa ya faragha, na ukuta wa mwisho una zidaka, vishubaka vilivyochimbwa ukutani, na nakshi za lipu. Ukiacha uso wa nje na kufumua ndani, umehifadhi kipande kisicho na maana sana.

Tena kuna hesabu. Chumba ni chembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake. Upana wa ndani huwa mita 2.5 hadi 3 hivi. Kuta zile ndefu zilizo sambamba ndizo zinazobeba boriti. Anayetaka sebule pana akavunja ukuta wa kati ameondoa kilichokuwa kikishika dari. Njia nzuri ni kukubali vyumba virefu na vyembamba, kisha kuamua kipi kiwe nini. Vyoo na majiko yapangwe juu kwa juu, upande mmoja, ikiwezekana pale palipokuwa na choo tangu zamani, na mabomba yapite mahali yanapofikiwa bila kuchimba ukuta. Maji ya kiyoyozi yaelekezwe kwenye bomba, yasidondokee lipu.

“Kila kipya kiige cha kale.”

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi duniani wanautumia hadi leo, unasema vingine: sehemu mpya ipatane na jengo, lakini itambulike kuwa ni mpya. Milango ya “kizanzibari” iliyochongwa juzi na kupakwa rangi ya uzee inamdanganya mjukuu wako kuliko inavyomfurahisha mgeni. Ngazi ya chuma nyepesi, iliyosimama yenyewe na inayoweza kuondolewa, mara nyingi ni heshima kubwa zaidi. Kipimo kinachosumbua hasa ni ukubwa: jengo jipya la hoteli kando ya Mambo Msiige, jumba la kale la Mji Mkongwe, lilileta mvutano na Kamati ya Urithi wa Dunia.

“UNESCO watalipa.”

Hawalipi. Nyumba hubaki ya mwenyewe, ya wakfu au ya serikali, na gharama hubaki kwake. Fedha za mfuko wa Urithi wa Dunia huombwa na serikali, ni kidogo, na haziji kupaka chokaa nyumba ya mtu. Kwa hiyo fedha ikiwa haba, anza na paa na mifereji ya maji ya mvua, fuatia vichwa vya boriti, halafu lipu. Vigae vya bafuni vitasubiri.