Ulinzi wa Berlin katika Sataranji

Ulinzi wa Berlin ni mojawapo ya majibu ya mwenye kete nyeusi dhidi ya ufunguzi wa Kihispania. Katika ufunguzi huo kila upande husogeza askari wa mbele ya mfalme hadi e4 na e5 (herufi hutaja safu ya wima ya ubao, namba hutaja mstari wa mlalo), farasi wa nyeupe akaenda f3 na wa nyeusi c6, kisha askofu wa nyeupe akafika b5 kumkabili farasi huyo. Wengi hapo humfukuza askofu kwa askari wa a6. Anayecheza Berlin humwacha alipo, akamtoa farasi wake wa pili hadi f6 na kumtishia askari wa e4.

Katika mkondo wake maarufu, farasi humla askari huyo, na baada ya kulana kwingine malkia wote wawili hutoka ubaoni katika hatua ya 8. Ukiutazama ubao wakati huo, utadhani nyeusi ameshaharibikiwa: mfalme wake yuko d8, hawezi tena kujificha nyuma ya ngome, na askari wake wawili wamepangana katika safu ya c. Zikiondolewa kete zote na kubaki wafalme na askari tu, kwa kawaida nyeupe hushinda, kwa kuwa upande wa mfalme ana askari 4 dhidi ya 3 na mmoja wao ataweza kupenya. Ila kete hizo bado zipo. Nyeusi ana maaskofu wawili dhidi ya mmoja, na mfalme asiyewindwa na malkia hana la kuogopa sana.

London, mwaka 2000, katika pambano la ubingwa wa dunia, Vladimir Kramnik aliitumia silaha hii dhidi ya Garry Kasparov, bingwa wa dunia tangu 1985, ambaye akiwa na kete nyeupe alitisha hasa kwa mashambulizi. Berlin ilichezwa katika michezo ya 1, 3, 9 na 13, yote ikaisha sare, na Kramnik akatwaa ubingwa kwa alama 8.5 dhidi ya 6.5 bila kupoteza hata mchezo mmoja. Kwa maoni yangu, ustadi wake mkubwa ulikuwa kumnyima Kasparov aina ya pambano aliyoipenda. Tangu hapo ulinzi huo ukapewa jina la utani, Ukuta wa Berlin, na leo wenye nyeupe wengi husogeza askari hadi d3 katika hatua ya 4 ili malkia wabaki ubaoni.