Laisini ya chupa na laisini ya maharage

Juzi kliniki mama mmoja aliniwekea mezani chupa ya sirapu ya kumwongezea mtoto hamu ya kula. Mtoto ana mwaka mmoja na nusu, kilo 10. "Nimeambiwa ina laisini, atanenepa," alisema. Tukaigeuza chupa, tukasoma pamoja: kijiko cha mililita 5 kina miligramu 150 za laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini. Mtoto wa umri na uzito huo anahitaji takriban miligramu 450 kwa siku. Nikamwambia kiasi hicho kinapatikana kwenye yai moja. Akanyamaza, maana kuku anao.

Siidharau laisini hata kidogo. Protini za mwili hujengwa kwa asidi amino za aina 20, na 9 kati ya hizo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima tuzile. Laisini ni mojawapo. Hushikiza nyuzi za kolajeni, protini inayoipa uimara ngozi, mifupa, kano na kuta za mishipa ya damu, na hapo huhitaji msaada wa vitamini C. Ikishirikiana na methionini, asidi amino nyingine, hutengeneza kanitini, inayoingiza mafuta mahali yanapochomwa ndani ya seli ili tupate nguvu.

Kwetu walaji wa ugali laisini ina uzito wa pekee, kwa sababu ndiyo iliyo haba kwenye mahindi. Mtunga shanga akiishiwa shanga nyekundu, mkufu unaishia hapo hata kama nyeupe zimejaa bakuli. Protini nazo ni hivyo hivyo: laisini ikipungua, ujenzi unasimama, na asidi amino zilizobaki huchomwa kama kuni, nitrojeni yake ikatoka na mkojo. Hakuna ghala la kuziweka hadi kesho. Sembe nyeupe ina laisini haba zaidi kuliko dona, kwani kiini cha punje, chenye protini bora, kimeondolewa kinuni.

Sasa tazama sahani. Mtu mzima anahitaji miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani gramu 1.8 kwa mwenye kilo 60. Gramu 300 za unga wa mahindi humpa kama gramu 0.7 tu. Kikombe cha maharage yaliyopikwa humwongezea takriban gramu 1, na dagaa kidogo hufunika pengo lililobaki. Maharage yenyewe yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Ndiyo maana nayapenda sana makande: bibi zetu walilipatanisha jambo hili sufuriani kabla ya maabara. Si lazima viliwe kwa mlo mmoja. Siku ile ile inatosha.

Vidonge vya miligramu 500 au 1,000 vinavyouzwa madukani vina laisini ile ile. Vinaweza kumfaa mtu ambaye mlo wake umebanwa na maradhi, kwa ushauri wa mtaalamu. Wapo wanaovinunua kuzuia malengelenge ya mdomoni yanayorudi rudi. Ushahidi wake bado ni dhaifu. Dozi kubwa huvuruga tumbo na kuharisha. Mwenye ugonjwa wa figo asivitumie kabla ya kumwona daktari.

Kwa sirapu za watoto nina ombi moja zito: someni lebo yote. Baadhi zimechanganywa na siproheptadini, dawa ya mzio inayoamsha njaa na kuleta usingizi. Hiyo asipewe mtoto wa chini ya miaka 2 pasipo daktari. Mtoto akikataa chakula siku kadhaa, mleteni tutafute sababu: minyoo, malaria, upungufu wa damu, maumivu ya sikio.

Yule wa juzi tulimfungua mdomo kwa tochi. Ndani ya shavu la kushoto kulikuwa na vidonda viwili vyekundu, na jino likichomoza nyuma yake.