Je, Msikiti wa Córdoba bado unaswaliwa?

Wengi wakiona picha za matao mekundu na meupe ya Córdoba, Hispania, huamini kuwa ule ni msikiti unaoswaliwa hadi leo. Si ajabu: mihrabu ipo, na ujenzi ulianza karne ya 8. Lakini mji ulipotekwa na Wakristo mwaka 1236, msikiti uligeuzwa kanisa. Mwaka 1523 likaanza kujengwa kanisa kubwa katikati ya nguzo zilezile, na mnara wa adhana umefichwa ndani ya mnara wa kengele.

Hakikisha mwenyewe: soma jina kwenye tiketi, Mezquita-Catedral (Kihispania: Msikiti-Kanisa Kuu), kisha tafuta ratiba ya misa. Magofu ya mji wa kale wa Medina Azahara, kilomita 8 hivi nje ya mji, nayo yana msikiti, ila wa misingi na kuta fupi tu.