Je, wajua? Fundi anaonaje ndani ya bomba la choo bila kuvunja sakafu

Choo kinarudisha maji, unaita fundi, anakuja na waya wake anasukuma sukuma pale, maji yanashuka, unamlipa anaondoka. Haupiti muda kinaziba tena. Watu wengi hapo wanamlaumu fundi, ila mara nyingi hana kosa, yeye katoa uchafu tu, kile kinachofanya uchafu unase bado kiko chini ya sakafu na hakuna aliyekiona.

Sasa kinaonekanaje? Kuna kamera za kazi hiyo. Ni kichwa kidogo kisichoingiza maji, kimezungukwa na taa, kimefungwa kwenye waya mrefu mgumu kiasi cha kusukumika lakini unapita kona. Fundi anauingiza kwenye chemba, kile kisima kidogo chenye mfuniko kwenye njia ya bomba, anasukuma taratibu huku macho yako kwenye skrini, na pembeni ya picha mita zinajihesabu zenyewe. Mabomba makubwa ya mtaani yana kamera zao zenye magurudumu zinazojiendesha, ila kwa bomba la nyumbani la inchi 4 hii ya kusukuma inatosha kabisa.

Picha ndo watu wanaishangaa, lakini mimi naona chenye faida zaidi ni kile kidude kilichofichwa nyuma ya kichwa cha kamera, transmita ndogo inayotoa mawimbi, mara nyingi ya 512 Hz, ambayo yanapenya udongo, zege na hata bomba la chuma. Mtu wa pili anatembea huku juu na mashine ya kuyapokea, pale yanaposhika kwa nguvu zaidi anaweka alama, na mashine inamkadiria kina pia. Yaani unafukua shimo moja tu, huchimbi mtaro kutoka jikoni mpaka getini na pevingi yote ukaing'oa.

Kwa hapa Dodoma hii kitu ina uzito wake. Tangu serikali ianze kuhamia 2016 watu wamejenga kwa kasi kweli kweli, Nkuhungu, Ilazo, Nzuguni, kila upande, na mtandao wa majitaka wa DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, haujafika kila kona, kwa hiyo nyumba nyingi zina shimo lake la choo na bomba toka chooni mpaka shimoni ni mzigo wa mwenye nyumba. Halafu kuna udongo. Pale penye udongo mweusi wa mbuga, mvua za Desemba mpaka Aprili zikija unavimba, kiangazi unasinyaa na kupasuka nyufa, sasa bomba lililolazwa juu yake bila kushindiliwa vizuri wala kuwekewa mchanga linacheza nao, maungio yanaachia, au linashuka tumbo katikati. Kwenye skrini hilo tumbo unalijua haraka, kamera inazama kwenye maji yaliyotuama halafu inaibuka mbele. Hapo hata uzibue kila wiki uchafu utakaa palepale, maana bomba la inchi 4 linataka mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita na lako limepoteza mteremko. Dawa ni kulifukua kipande hicho na kulilaza upya.

Jingine ni mizizi. Miarobaini tunaipenda kwa kivuli, na haki yetu, jua la huku tunalijua. Ila kiangazi ardhi yote imekauka na penye unyevu ni kwenye bomba lako tu, mizizi inaufuata. Haitoboi plastiki nzima, inaingia kwenye ufa au pale gundi haikushika, ikishaingia inatanuka na kukamata karatasi, pedi, nywele, kila kinachopita. Waya wa kuzibulia unaikata kidogo tu, inaota tena.

Kamera ina mipaka yake. Kwenye maji machafu haioni kitu, kwa hiyo bomba lisafishwe kwanza kwa maji ya presha, na fundi anayeiingiza kwenye tope halafu anakwambia tatizo kaliona mimi simwamini. Pia inaonyesha ndani ya bomba tu, nyuma ya ukuta wa bomba haioni, maji yanayovujia nje kidogo kidogo inaweza isiyagundue.

Na kabla hujaikodi fungua chemba zote kwanza, hiyo haina gharama. Chemba ya juu imejaa na inayofuata kavu? Kizuizi kiko kati ya hizo mbili. Zote zimejaa mpaka ya mwisho kabla ya shimo? Kazi inaanzia shimoni, huenda limejaa au ardhi imeacha kunyonya, ita gari la majitaka kwanza, kamera baadaye.

Ukishaamua kupima, dai video yenyewe ikiwa na mita zake, usikubali maneno matupu. Matengenezo yakiisha kamera ipite tena kabla shimo halijafukiwa. Na kwa anayejenga sasa hivi, ipitishwe kabla ya zege na pevingi, ile video uitunze pamoja na ramani ya nyumba, fundi atakayekuja miaka kumi mbele ajue bomba limepita wapi na kila kiungo kiko mita ya ngapi.